Mkuu wa Data

Mwalimu Zedekiah Luseno aliponzwa na Kiswahili sanifu.

Walimu wa Shule ya Upeo, Kware, walikuwa mkutanoni. Bi Waithera, mwenye shule, alikuwa ametoka semina hotelini, na tangu arudi hakuweza kumaliza sentensi bila kutaja data. Chai ya walimu ilinywewa bila data. Choo cha wavulana kiliziba kwa kukosa data. Sasa alisimama mbele ya ubao akawaambia kwamba shule zilizoendelea huchambua matokeo ya wanafunzi kwa spreadsheet, akauliza ni nani humu ndani anayeijua.

Walimu walitazama chini. Njogu wa Hisabati aliinama kufunga kamba za viatu visivyokuwa na kamba.

"Kwa Kiswahili sanifu," Zedekiah akasema kwa sauti ya chini, maana alikuwa mwalimu wa Kiswahili na ulimi wake ulikuwa na kiherehere, "hiyo inaitwa lahajedwali."

Bi Waithera aligeuka. "Kumbe unaijua!"

"Ninalijua neno, Madam."

"Huwezi kujua jina la mtu usiyemjua. Kuanzia leo wewe ni Mkuu wa Data."

Makofi yakapigwa. Njogu ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Cheo hicho hakikuja na nyongeza ya mshahara. Kilikuja na laptopu ya ofisi iliyong'oka kitufe cha herufi T, na amri moja: matokeo ya Gredi ya Sita yawafikie wazazi Ijumaa, yakiwa na wastani, nafasi ya kila mtoto, na grafu. "Grafu usisahau," Bi Waithera alisisitiza. "Mzazi akiona grafu haulizi maswali."

*

Familia ya Zedekiah iliishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya saba, mahali ambapo ukifungua dirisha unaweza kumpa chumvi jirani wa jengo la pili bila kunyoosha mkono sana. Hapo ndipo Mkuu wa Data alipoanza masomo yake, juu ya meza ya chakula, akitazama video za mwalimu mmoja wa mtandaoni aliyezungumza mbio kama anayefukuzwa. Mkewe, Kezia, aliyekuwa karani katika ofisi ya kaunti, alisubiri meza iachwe ili watu wale.

"Baba Zilpah, ugali unapoa."

"Ngoja kidogo. Nimepata wastani!"

"Wastani wa nini?"

"Wa umri wa watu wa nyumba hii. Wewe, mimi na Zilpah. Miaka ishirini na tisa."

Kezia akaangalia huku na huku. "Na ni nani humu ndani mwenye miaka ishirini na tisa?"

"Hakuna."

"Basi mwambie huyo uliyempata aje aoshe vyombo."

Zilpah, binti yao wa pekee, alicheka hadi akapaliwa. Alikuwa Gredi ya Sita katika shule hiyohiyo ya Upeo. Hakuwa mtoto wa makelele, na akikosa swali moja tu hakuweza kulala.

Zedekiah hakukata tamaa. Alijifunza kujumlisha safu nzima kwa mpigo mmoja. Alijifunza kwamba fomula huanza na alama ya sawasawa, na kwamba usipoiweka, mashine hukutazama tu. Siku ya kwanza alipojaribu kutafuta wastani wa darasa kwa matokeo ya muhula uliopita alipata elfu moja na mia tisa, katika mtihani wa alama mia tano. Alifurahia maendeleo ya shule kwa muda kabla ya kugundua kwamba alikuwa amejumlisha na namba za usajili. Hata hivyo aliendelea. Kufikia katikati ya wiki alikuwa akitembea kwenye korido za shule na laptopu kwapani hata alipokuwa akienda msalani.

Alhamisi jioni Millicent, karani wa shule, alimtumia kazi aliyokwisha kuipiga chapa: majina ya watoto arobaini na wawili, alama zao, na nafasi zao kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Zedekiah aliapa kutotazama jina la binti yake. Mkuu wa Data hapendelei. Aliweka kiganja juu ya majina huku akitafuta wastani, na safari hii wastani ukaja wa kibinadamu. Kisha akafikiri kwamba wazazi wangepata shida kutafuta majina ya watoto wao katika orodha ile, afadhali majina yafuate alfabeti kama kwenye rejista.

Akateua safu ya majina, hiyo peke yake. Akabonyeza kitufe cha A hadi Z. Mashine ikamuuliza swali refu la Kiingereza: je, ingependeza ipanue uteuzi, ihamishe na vile vilivyo kando ya majina, au iendelee hivyohivyo?

Zedekiah hakupenda kuhojiwa na mashine mezani pake. Akabonyeza endelea hivyohivyo.

Majina yakajipanga vizuri kama watoto wa gwaride. Alama na nafasi hazikusogea hata unywele. Lakini Zedekiah hakuliona hilo, kwa sababu wakati huo alikuwa ameshaanza kuipaka grafu rangi ya waridi.

*

Matokeo yaliingia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi Ijumaa saa kumi. Namba moja alikuwa Abdinoor Hirad. Namba mbili alikuwa Asha. Namba tatu alikuwa Benta. Namba arobaini na mbili, wa mwisho kabisa, alikuwa Zilpah Luseno.

Baba yake Abdinoor, Mzee Hirad, mwenye duka la jumla la magodoro pale Pipeline, alituma ujumbe wa sauti ambao sehemu kubwa ilikuwa ni kupumua tu. Kisha akatuma mwingine: Jumapili amefunga duka, mbuzi wawili watachomwa Soko la Burma, walimu wote waje na familia zao, na asiyekuja amemvunjia heshima. Mama mmoja wa mtoto aitwaye Wycliffe aliuliza kwa upole kama huenda kuna hitilafu. Baba Winnie akauliza kwa ukali. Bi Waithera akalifunga kundi, wasimamizi pekee waweze kuandika, akabandika grafu ya waridi kwa mara ya pili.

Kezia alipata habari kabla hajafika nyumbani. Pale chini ya jengo, Carolyne wa kibanda cha mboga, mama yake Benta, alimwongezea nyanya mbili za bure.

"Za nini hizi, Mama Benta?"

"Chukua tu, dada. Pole sana. Hata mwalimu huzaa kama sisi."

Kezia alipanda ngazi za ghorofa saba akiwa na zile nyanya mkononi, na kila ngazi hasira ilizidi. Alimkuta Zilpah amesimama mbele ya baba yake, machozi yakimdondoka kidevuni.

"Nilijibu maswali yote, Baba."

"Kujibu ni kitu kimoja, kupata ni kingine."

"Hata Hisabati nilirudia mara mbili!"

"Zilpah, hii ni data. Data haidanganyi. Lete rimoti ya televisheni. Kuanzia leo ni wewe na vitabu."

"Baba Zilpah," Kezia akasema, "huyu mtoto hajawahi kushuka chini ya namba tatu tangu aanze kuvaa soksi."

"Ndiyo maana amelewa sifa. Nimeliona hilo kwenye takwimu."

Zilpah aliweka rimoti mezani kwa adabu, akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Kezia angependa kama angeubamiza.

*

Jumamosi asubuhi Bi Waithera alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevumbua dawa.

"Mwalimu, nimekaa na hiyo data yako nikagundua jambo. Watoto wa herufi A wanafanya vizuri mno!"

"Kweli, Madam?"

"Na B. Na C si haba. Lakini ukifika W, ni kilio. Niandalie uchambuzi kamili, na grafu. Dada yangu ana mimba ya miezi minane, alikuwa ampe mtoto jina la Wambui. Nimemwambia angoje."

Zedekiah alikaa mezani na moyo wa kazi. Mstari wa chini ukawa herufi, wa kando ukawa alama. Nukta zikatokea zote kwa pamoja, zikashuka kutoka kushoto kwenda kulia kama watu wanaoteremka ngazi, hakuna hata moja iliyopotea njia. Yule mwalimu wa mtandaoni alikuwa amesema kwamba data za binadamu hazinyooki. Hizi zilinyooka.

"Mama Zilpah! Njoo uone maajabu."

Kezia alikuja na mwiko mkononi. Alitazama grafu. Alitazama orodha. Akaipitisha ncha ya mwiko kwenye kioo kutoka juu hadi chini, taratibu, jina kwa jina.

"Zedekiah," akasema. Jina hilo alilitumia mara chache sana, na halikuwa la mapenzi. "Hawa watoto wamepangwa kama kamusi."

"Ndiyo, nilipanga majina kialfabeti ili..."

Hakumaliza. Kezia alimwona anavyoanza kuelewa: kwanza masikio, kisha mdomo. Zedekiah akaifungua barua pepe ya Millicent, faili la awali, ambalo halijaguswa. Wa kwanza: Zilpah Luseno, alama mia nne sitini na moja. Akateremka hadi karibu na chini. Wa thelathini na nane: Abdinoor Hirad.

Alikwenda kubisha mlango wa chumba cha mtoto wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Nasoma," Zilpah akajibu, "kama ulivyosema."

Zedekiah akaingia, akapiga magoti kando ya kitanda. "Zilpah mama, umekuwa wa kwanza."

Zilpah hakuinua macho kitabuni. "Wa kwanza kutoka upande gani?"

"Wa juu. Baba yako ndiye aliyeharibu. Nilihamisha majina nikaziacha alama. Na nilipaswa kukusikiliza kabla ya kuisikiliza kompyuta. Nisamehe."

Mtoto alifikiri. Alikuwa amelia usiku na macho yalikuwa bado mekundu. "Umewaambia wengine?"

"Bado."

"Basi nitakusamehe ukishawaambia," akasema, akafungua ukurasa mwingine.

Bi Waithera alipopigiwa simu akaambiwa, alijibu mara moja. "Mwalimu, tangu jana wazazi saba wapya wameniomba nafasi za kusajili watoto wao. Baba Abdinoor ameahidi magodoro ya darasa la chekechea. Data ikishatumwa imetumwa."

"Ni makosa, Madam. Watoto wameadhibiwa majumbani."

"Na namba moja wa kweli ni nani?"

"Zilpah."

"Zilpah yupi?"

"Wangu."

Bi Waithera alicheka mpaka akakohoa. "Basi nenda Burma kesho. Simama mbele ya baba wa watu, uwaambie mtoto wao si namba moja, namba moja ni wako. Mimi nitakuja kutazama. Na Jumatatu tutajua kama bado una kazi."

Alipokata simu, Zedekiah alimgeukia mkewe. "Watasema nimeipika."

"Watasema," Kezia akakubali. "Vaa ile shati ya bluu."

*

Moshi wa Burma huanza kukulisha kabla hujakaa. Wachomaji walikuwa wakikatakata nyama juu ya vibao kwa mapanga, kachumbari ikirundikwa kando, na meza tatu ndefu zilikuwa zimeunganishwa kwa ajili ya Mzee Hirad. Yeye mwenyewe alikuwa amevaa suti, akimkaribisha kila anayepita, hata wateja wa bucha jirani ambao hawakujua wanakaribishwa kwa nini.

Mkewe, Fartun, alikaa mwisho wa meza bila kusema mengi. Alikuwa akimwangalia mwanawe Abdinoor jinsi mtu anavyomwangalia mgeni aliyekuja na mizigo bila kusema atakaa hadi lini. Abdinoor naye, mvulana ambaye siku zote alikula kama anakimbizana na mtu, safari hii alichezea mfupa. Alikuwa ameketishwa karibu na Zilpah. Baada ya kitambo akausukuma ubavu wake mnono kwenye sahani ya msichana.

"Shika. Pole kwa kuwa wa mwisho. Mi nimezoea, haiumi sana."

Mzee Hirad akasimama. Alisema yeye hakusoma, baba yake hakusoma, na babu yake alimjua kila ngamia wake kwa jina lakini hakujua kuandika hata moja ya majina hayo. "Leo mtoto wangu ni namba moja! Kwa Upeo yote! Mwalimu Luseno, wewe ndiye umetoa hiyo namba. Sema neno."

Bi Waithera, kwenye kiti cha heshima, akaacha kutafuna.

Zedekiah alisimama. Maneno yote ya sanifu yalikuwa yamemtoroka. Akatazama meza, akaona sahani, na wazo likamjia.

"Baba Abdinoor, naomba kuonyesha kwanza. Kila mtu hapa ana sahani yake. Wewe una ubavu. Njogu ana shingo. Millicent ana..."

"Mfupa mtupu," Millicent akasema kwa uchungu.

"Mfupa. Sasa naomba kila mtu asimame, tukae kwa alfabeti. Sahani zisiguswe."

Watu walicheka wakadhani ni mchezo wa walimu. Viti vikakwaruzwa, watu wakapishana, mtu akamkanyaga Bi Waithera. Walipokaa, Mzee Hirad alijikuta mbele ya mfupa mtupu wa Millicent. Njogu alijikuta mbele ya ubavu wa Mzee Hirad, na bila kungoja maelezo, akaanza kuula.

"Wewe! Huo ubavu ni wangu!"

"Ndivyo nilivyofanya, Mzee," Zedekiah akasema. "Nilihamisha watoto, sahani zikabaki pale pale. Kila mtoto amekula alama za mwingine. Si kosa la mtoto yeyote. Ni mimi, sikujua kutumia ile mashine nikajifanya najua."

Hata Njogu alipunguza kutafuna.

"Kwa hivyo mtoto wangu..." Mzee Hirad akasema polepole. "Na huo ubavu wa namba moja. Ni wa nani?"

"Wa Zilpah."

"Zilpah ni nani?"

Zilpah akainua mkono kama yuko darasani, mdomo umejaa nyama.

"Binti yako," Mzee Hirad akasema. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nachinja mbuzi, nafunga duka, naita watu. Wewe unakuja unakula, halafu unaniambia namba moja ni binti yako."

Bi Waithera akatazama moshi kana kwamba umeandikwa kitu. Kezia akaenda akaweka mkono begani kwa Zilpah. Hata Zedekiah, angekuwa Mzee Hirad, asingemwamini Mkuu wa Data.

"Aabo," Abdinoor akamwambia baba yake.

"Nyamaza, mtoto."

"Aabo, ni ukweli. Mi nilijua tangu Ijumaa. Kwa karatasi ya Sayansi nilifika swali la tatu, halafu nikachora mbuzi." Akaangalia nyama mbele yake kwa aibu. "Mkubwa hivi. Na pembe. Sikusema juu ya vile ulikuwa umefurahi sana."

Mzee Hirad aliketi. Alimtazama mwanawe, akautazama ule mfupa wa Millicent, akausukuma pembeni kwa kidole kimoja.

"Mwalimu. Namba yake ya kweli?"

"Thelathini na nane."

"Kati ya?"

"Arobaini na wawili." Zedekiah akasita. Jana, baada ya kurekebisha kila kitu na kuiruhusu mashine ihamishe safu zote pamoja, alikuwa ameongeza safu moja ambayo hakuna aliyemtuma. Aliweka nafasi za muhula uliopita kando ya za muhula huu, kila mtoto na mabadiliko yake. "Muhula uliopita alikuwa wa arobaini na wawili."

"Wa mwisho."

"Wa mwisho."

"Kwa hivyo sasa kuna wanne nyuma yake." Mzee Hirad aliwahesabu kwa vidole, akaviinua akaviangalia. "Wanne wazima?"

"Wazima kabisa."

"Na aliwapita wakati anachora mbuzi?"

"Inaonekana hivyo, Mzee."

Ndipo Fartun alipoanza kucheka. Alicheka taratibu, kisha akashindwa, akaegemea meza, machozi yakamtoka. Wanawake wakamshika wakidhani anaumwa. Akawaondoa kwa mkono.

"Alhamdulillahi!" akasema alipopata pumzi. "Siku mbili hizi sijalala. Nilikuwa namtazama huyu mtoto, nasema nimeletewa wa nani? Hata kumtuma dukani nimeogopa."

Akamvuta Abdinoor kichwa, akamfuta mafuta shavuni kwa ncha ya shungi lake, kwa nguvu, jinsi anavyofutwa mtoto wa nyumbani. Kisha akamsogezea sahani, na mvulana akaanza kula mbio, kama kuna mtu anayemkimbiza.